Mzee anataka kulifunga shamba lisikatwe ploti milele. Mnaonaje?

Kifungua Mimba: Mzee wetu ana ekari 60 Kitengela, upande ule nyumbu wa mbuga ya Nairobi walikuwa wakipita. Anataka shamba liandikiwe masharti: tuchunge, tulime, lakini tusikate ploti hata tukirithi. Ndugu zangu wawili wamenuna. Ni haki mtu kutuamulia akiwa kaburini?

Hamsini kwa Mia: Mzee ana akili. Nyinyi mngeshauza mkanunua gari la Probox. Nawajua watu wa huko.

Kifungua Mimba: Probox imeingiaje hapa? Nimeuliza habari ya shamba.

Mama Maziwa: Imeingia kwa sababu ni kweli. Jirani yangu aliuza ekari tano, leo anakodi chumba juu ya ardhi iliyokuwa yake. Lakini wewe Hamsini, jina lako linakushtaki: hamsini kwa mia ni futi za ploti. Hiyo ploti uliokota?

Hamsini kwa Mia: Nilinunua kwa jasho langu. Bodi ya ardhi ilipitisha, mke wa muuzaji akiwepo.

Mama Maziwa: Alikuwepo au aliletwa?

Wakili wa Kijiweni: Turudi kwenye swali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ndiyo inayoruhusu hayo.

Mzee Kobe: Wakili, hata ile ya mazingira ya 1999 inaruhusu. Unaomba mahakamani, kizuizi kinaweza kuwa cha milele, na mahakama inaweza kumwagiza anayekiomba amlipe fidia mwenye ardhi. Sasa Kifungua Mimba, nani atamlipa mzee wenu?

Wakili wa Kijiweni: Nilikuwa nakuja hapo.

Binti wa Nyika: Sisi tulikuwa kwenye ule mpango wa 2000 wa kuwalipa wenye ardhi waache wanyama wapite. Dola nne kwa ekari kwa mwaka, kama shilingi 300 za wakati ule. Usiweke ua, usiuze. Zilikuja mara tatu, shule zikifunguliwa. Nimesoma kwa hizo, kwa hiyo msiniletee dharau.

Hamsini kwa Mia: Mia tatu! Ekari 60 ni elfu kumi na nane. Simba akiingia bomani usiku mmoja zimeisha.

Binti wa Nyika: Simba anaingia kwetu kwa sababu ua wako umemzibia njia.

Hamsini kwa Mia: Ua wangu umekukosea nini wewe?

Mama Maziwa: Mimi umenikosea. Ng'ombe wangu wanazunguka nusu saa kufika mtoni.

Hamsini kwa Mia: Si ungekuja tuongee?

Mama Maziwa: Nilikuja. Mbwa wako ndio walinipokea.

Kifungua Mimba: Jamani, kikao ni Jumamosi. Nikaseme nini?

Mzee Kobe: Mwombeni aanze na mkataba wa miaka kumi. La milele ni zito, na mvua zenyewe hazieleweki siku hizi.

Mama Maziwa: Kwani mama yenu anasemaje?

Kifungua Mimba: Hatujamuuliza.

Hamsini kwa Mia: Na mbwa wangu wamechanjwa wote, kama kuna anayetaka kujua.