Kubadili taimingi belti ya Corolla 110 (5A-FE) nyumbani: bolti ya krenki na alama

chuma_chakavu:
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Corolla AE110, injini 5A-FE, gia otomatiki. Dashibodi inasoma kilomita 143,000, lakini hakuna stika wala karatasi inayoonyesha taimingi belti (mkanda wa meno unaounganisha krenki na kamshafti) ilibadilishwa lini, na mita za mtumba mnazijua. Nataka kuifungua mwenyewe hapa uani. Nina jeki, stendi mbili, seti ya soketi na torki renchi ya kuazima. Naomba kujua: ninunue nini zaidi ya belti? Bolti ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) inalegezwaje kwenye otomatiki? Na nikikosea alama za kulinganisha krenki na kamshafti, valvu zinapinda?

spana_kumi:
Naanza na hilo la mwisho maana ndilo linalotisha watu. Kwenye 5A-FE, kama ilivyo kwa 4A-FE na 7A-FE, pistoni hazifiki kwenye valvu. Belti ikikatika gari linazima tu. Unalivuta, unafunga mpya, linawaka. Usilichukue hilo ukalipeleka kwenye Hilux au Hiace ya dizeli ya 3L au 5L. Kule belti ikikatika andaa hela ya silinda hedi.

Vya kununua: belti, beringi ya tenshena (kifaa kinachokaza belti) na springi yake, sili ya kamshafti (shafti ya juu inayofungua valvu), sili ya mbele ya krenki, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) pamoja na mipira ya chini ya nati zake. Mpe muuza spea namba ya chasisi, usimwambie "ya 110" tu. Sili usizibanie: oili ikivuja juu ya belti, mpira unalainika na meno yanaanza kung'oka. Belti mpya usiikunje wala kuigeuza ndani nje, nyuzi zake zinavunjika kabla hujaifunga.

Kazi yenyewe. Toa teminali hasi ya betri, tairi la mbele kulia na plastiki ya ndani yake. Toa mikanda ya nje yote, plagi zote nne (krenki itazunguka kwa wepesi), kisha tapeti kava. Weka jeki na kipande cha ubao chini ya sampu (beseni la oili), beba uzito wa injini, ndipo ufungue maunti (kishikizi cha injini) ya kulia.

Sasa, KABLA ya kutoa puli ya krenki, zungusha injini kufuata saa mpaka mfereji wa puli ukae kwenye 0 ya kava la chini. Chungulia juu: tundu dogo la puli ya kamshafti lilingane na alama ya kifuniko cha beringi kilicho nyuma yake. Kama halipo, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, litakuja. Piga tipeksi kwenye alama zote. Ukishatoa puli na makava, alama ya kutazama chini ni ile ya puli ndogo yenye meno, inalingana na alama ya mwili wa pampu ya oili.

Legeza bolti ya tenshena, isukume kushoto mpaka mwisho, ikaze kidogo ikae hapo, toa belti. Zungusha beringi kwa mkono. Ikikoroma au ikiwa imetema grisi, tupa. Sahani ya kuongoza belti kwenye krenki hurudi na upande uliobonyea ukitazama nje. Wengi huigeuza, ikaanza kula belti ukingoni.

dereva_wa_zamu:
Bolti ya krenki rahisi mkuu. Soketi ya 19, mpini mrefu uuegemeze kwenye chasisi, piga stata mara moja. Inalegea yenyewe. Na pampu ya maji badilisha hapo hapo, lazima.

gasketi_mpya:
Ya stata inafanya kazi, ila ikiteleza mpini unaondoka na kidole au radieta. Na asiyechomoa kwanza waya wa koili (inayotoa moto wa plagi), injini inamwakia mpini ukiwa juu ya bolti. Kwa otomatiki ningefanya hivi: siku moja kabla, peleka gari kwa mafundi wa matairi wenye bunduki ya upepo. Wailegeze, nawe uikaze papo hapo kwa torki renchi, 118 Nm, urudi nyumbani. Kesho yake itafunguka kwa bomba la kawaida, msaidizi akizuia meno ya flaiwili kwa bisibisi nene kupitia uwazi wa chini.

Pampu ya maji si lazima. Kwenye 5A inazungushwa na mkanda wa nje wa alteneta, kwa hiyo ikifa haigusi taimingi. Umechanganya na 3S-FE ya Ipsum au RAV4 ya zamani. Hiyo ndiyo pampu yake inazungushwa na taimingi belti.

chuma_chakavu:
Asanteni sana. Belti imeingia, alama zote zililingana. Nimezungusha krenki mara mbili, tundu la juu limebaki nyuma ya alama kama nusu jino. Tatizo nini?

spana_kumi:
Ulilegeza upande wa mbele wa gari, ule usio na tenshena. Ulego uliobaki pale ulivutwa ulipozungusha. Rudia: anza krenki, vuta belti iwe imenyooka upande wa mbele, valisha kamshafti, mwisho ndipo uzungushie tenshena. Ulego wote ubaki upande wake. Achia bolti ya tenshena, springi ivute, zungusha krenki mara mbili kufuata saa tu (ukipitiliza usirudi nyuma, zunguka tena), kisha kaza 37 Nm. Bonyeza belti kwa nguvu ya kilo 2: izame milimita 5 mpaka 6. Ikizama chini ya hapo italia kama filimbi. Zaidi ya hapo itapiga kava.

Mara mbili kwa sababu kamshafti inazunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Mzunguko mmoja haukuambii kitu.

gasketi_mpya:
Nyongeza: ukibadili sili ya kamshafti, shika kamshafti kwa spana kwenye sehemu yake ya pembe sita, usiiachie belti izuie. Bolti ya puli 59 Nm. Na ukimaliza pima moto (wakati plagi zinapochoma): unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, taa ya taimingi isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta). Distributa (inayogawa moto kwa plagi) inaendeshwa na kamshafti, kwa hiyo ukikuta namba imehama sana, usikimbilie kuizungusha distributa. Fungua kava la juu uhesabu jino.