Re: Riwaya za Tukuyu zimekwama Dar – nani anaelewa TANSAD (fomu ya tamko la forodha)?

Mama Uyole (Leicester):
Ndugu zangu, salaam. Boksi la riwaya za vijana nililowatumia wanafunzi wa kidato cha tatu Tukuyu limezuiwa forodhani. Dirisha moja wanataka barua ya TIE (Taasisi ya Elimu), jingine wanataka TIN (namba ya mlipakodi) ya mpokeaji. Wanafunzi wana nakala mbili tu darasa zima, nawasomea kwa sauti za WhatsApp kila Jumamosi. Nianzie wapi?

Kaka wa Mafinga (Oslo):
Pole dada. Vitabu ni 0% kwenye CET ya EAC, yaani ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mtu asikutishe. Mimi viatu vya mama vilikaa ghalani mpaka gharama zikapita bei ya viatu.

Mwalimu mstaafu, Iringa (sasa Houston):
Kaka, usimpotoshe. Hiyo 0% ni ya ushuru wa forodha; wakala na ghala utalipa vilevile. Na ithibati ya vitabu vya shule iko TIE tangu EMAC, ile kamati ya ithibati ya wizara, ivunjwe 2013. Dada hujasema: ni kitabu cha kufundishia au cha maktaba?

Halafu unawaongozaje kusoma? Watoto wetu wanameza dhamira na wahusika kutoka kwenye madesa, kitabu chenyewe hawajakifungua. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti, mhusika akishika kitasa cha mlango nafunga kitabu. Wanaandika: atakuta nini ndani? Wanabishana kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza kinakuja baadaye. Anayebisha atasoma tu, maana anatafuta ushahidi.

Mama Uyole:
Shikamoo Mwalimu. Ni kweli kabisa. Binti mmoja asiyesema kitu darasani alinitumia sauti ndefu akimtetea mama wa kambo wa kwenye riwaya. Wenzake wakamjia juu, naye akawatajia ukurasa! Mvua ilikuwa inapiga bati, maneno mengine sikuyapata.

Mwana Kyela (Dubai):
Mvua ya Tukuyu, jamani. Huku nakula mchele usionukia hata sufuria likifunuliwa. Ila tuseme ukweli: ada ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne, jambo jema sana, madarasa yakajaa. Vitabu vya kusoma viko wapi? Na sisi tunaotaka kuchangia tunadai uraia pacha, tunajibiwa hadhi maalum badala yake.

Kaka wa Mafinga:
Uraia ufungulie mada yake, ndugu yangu. Dada, TANSAD imeshafunguliwa au bado?

Mama Uyole:
Wakala anasema hawezi kufungua bila barua ya mkuu wa shule yenye mhuri. Mkuu anauliza aiandike kwenda kwa nani.

Mama Uyole:
Mwalimu, ni cha maktaba, samahani nilipitiwa na swali lako.

Dada wa Mwanjelwa (likizo Mbeya):
Dada, mimi nipo nyumbani mpaka Ijumaa. Kesho napanda Coaster ya Tukuyu, barua nitaifuata mwenyewe. Ila Mwalimu atuambie kwanza, kwa vitabu vya maktaba inaandikwa TIE au forodha?