Mrejesho: risasi za bastola yangu mpya ya 9mm

Wakuu, asanteni sana, nilikuwa nimeuliza bastola yangu mpya ya 9mm ya kulenga shabaha nianze nayo na risasi za greini 115 ama 124 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Jumamosi nilitoka Nairobi mapema nikaenda renji ya Kirigiti huko Kiambu na zote mbili, 50 kwa 50, na kwanza nikasafisha mtutu nikatia oili kama mzee mmoja wenu alivyosisitiza.

Za 115 zilinisumbua mara tatu, ganda tupu halitoki lote, linasimama wima limebanwa na slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua), unaona tu shaba inang'aa pale mlangoni. Kocha akasema springi inayosukuma slaidi mbele bado mpya na ngumu, na hizo nilizonunua hazina nguvu ya kurudisha slaidi nyuma kabisa. Za 124 zikapita zote bila kukwama hata moja, na mita 15 matundu matano ya mwisho ningeyafunika na kisahani cha chai, nilifurahi jamani!

Zote ni zile zimevikwa shaba mpaka nchani, za ncha wazi sijagusa, kwa kutoboa karatasi tu za nini na bei inauma hivyo. Nimeongeza za 124, ndani ya idadi iliyo kwa cheti changu cha kumiliki bastola. Za 115 nitarudia springi ikilegea.