Kubeti farasi bila namba za mwendo, inawezekana?

Mbagala_Louisville
Wakuu, habari. Nipo Louisville, Kentucky, napiga shifti ya usiku ghalani, na uwanja wa Churchill Downs hauko mbali na ninapokaa. Nimeanza kubeti farasi, dau dogo tu, dola mbili mbili. Sasa kuna jamaa kazini ananiambia bila kununua namba za mwendo nitaendelea kuchana mikeka. Siyo zile namba za spidi za Beyer, zinazopima kasi ya farasi kwa mbio nzima, zilizomo kwenye gazeti la mbio la Daily Racing Form, hizo naziona. Anasema kuna nyingine zinazopima farasi alikwenda kasi gani robo maili ya kwanza, nusu maili na kuendelea, na unazilipia. Je, ni lazima? Kuna anayepata chochote bila hizo?

kijiwe_cha_jioni
Mkuu, anayeuza namba ndiye anayepata hela. Zingekuwa na faida angebeti mwenyewe, asingekuuzia wewe.

Saisi_Mstaafu
Huyo wa juu amejibu haraka mno. Muuza mbolea naye si lazima awe mkulima.

Kijana wangu, mimi nilikuwa saisi pale Ngong, Nairobi, kisha nikaja kufanya kazi hiyohiyo huku Lexington mpaka goti likakataa. Siku hizi nabeti tu. Jibu langu ni hili: namba si lazima, mwendo ni lazima. Namba ni hesabu uliyofanyiwa na mtu. Mwendo ni kujua nani atatoka mbele, nani atamsumbua, na wakifika kona ya mwisho nani bado ana pumzi.

Kuna farasi ukimtoa bandani asubuhi, akiona tu kichwa cha mwenzake kimemtangulia, anakung'oa bega kwa kuvuta kamba. Huyo huhitaji kununua karatasi ikwambie atakimbilia mbele. Lakini wewe huingii bandani, kwa hiyo soma gazeti. Kila mbio aliyokimbia farasi ina mstari wake: nafasi aliyokuwa nayo mwanzoni, katikati, mwishoni, na kinamba kidogo kinachoonyesha alikuwa nyuma ya kiongozi kwa urefu wa farasi wangapi. Chukua kalamu. Anayependa kuongoza mwandikie M, anayekaa karibu K, anayetoka nyuma N. Mbio zenye farasi wanane zinakuchukua muda wa kunywa chai.

Ukikuta M ni mmoja peke yake, mwangalie huyo kabla ya wengine wote. Kentucky Derby ya 2002, zile mbio kubwa za maili moja na robo hapo Churchill Downs, War Emblem aliachiwa aongoze anavyotaka. Nusu maili ikapita polepole, sekunde 47.04, maili moja na robo siyo tatizo tena kwa farasi aliyepumua hivyo. Proud Citizen alimfuata wa pili njia nzima akamaliza wa pili. War Emblem alilipa dola 43 kwa dau la dola 2, na hakuna siri yoyote iliyohitajika.

Sasa geuza. Derby ya 2022, Summer Is Tomorrow alipita robo maili kwa 21.78, nusu maili kwa 45.36, na Crown Pride na Messier wakimkaba. Ukichukua ile kanuni ya zamani kwamba sekunde moja ni urefu wa farasi watano, alikuwa mbele ya War Emblem wa 2002 kwa urefu wa farasi wanane hivi, na bado wana robo tatu ya maili ya kukimbia! Summer Is Tomorrow alimaliza wa 20, wa mwisho kabisa. Rich Strike akapenya upande wa uzio na kushinda kwa odi (kiwango cha malipo) ya 80 kwa 1, dola 163.60 kwa dau la dola 2.

Hapo ndipo wauza namba wanapokudanganya kidogo. Wanakuonyesha Rich Strike kama ushahidi. Haya, mwendo ulisema watu wa nyuma watanufaika. Ulisema ni Rich Strike? Farasi aliyenunuliwa kwenye mbio ambazo kila farasi anauzwa, kwa dola 30,000, aliyeingia Derby siku moja kabla kwa sababu Ethereal Road ameondolewa? Aliyesoma mwendo vizuri siku ile alikwenda kwa Zandon, na Zandon akawa wa tatu. Mwendo unakupa umbo la mbio. Farasi bado unamtafuta mwenyewe.

hesabu_haziongopi
Mzee Saisi, shikamoo. Nakubali nusu. Shida ya kusoma muda wa gazetini ulivyo ni kwamba 22.0 ya uwanja mmoja siyo 22.0 ya uwanja mwingine. Marekani saa haianzi pale getini. Farasi wanakimbia kipande fulani ndipo muda unaanza kuhesabiwa, na kipande hicho kinatofautiana. Kikiwa kirefu, farasi anafika pale saa inapoanza akiwa tayari kwenye kasi, robo yake inaonekana kali bure. Ongeza upepo, ongeza udongo uliolowa. Namba nzuri za mwendo zinasawazisha hayo. Mimi nanunua siku ya Derby, kwa sababu farasi wametoka viwanja tofauti. Siku ya kawaida situmii.

Saisi_Mstaafu
Marahaba. Hapo umesema kweli, na ndiyo sababu pekee ningemruhusu kijana atoe pesa. Mbio za kawaida za Alhamisi, farasi wengi wametoka uwanja huohuo na wameshakutana wao kwa wao, atanunua ya nini?

Mbagala_Louisville
Shikamoo mzee. Nimefungua gazeti nikakuta muda ulioandikwa ni wa kiongozi, siyo wa farasi wangu. Napataje wa kwangu?

Saisi_Mstaafu
Marahaba. Kwa kile kinamba kidogo. Tuseme ni mbio za robo tatu ya maili, kiongozi alipita nusu maili kwa 45.0 na farasi wako alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi watatu. Kila mmoja ni sehemu ya tano ya sekunde, ongeza 0.6, unapata 45.6. Kama ndiye aliyeshinda kwa 1:10.0, robo maili ya mwisho ameikimbia kwa 24.4. Ni makadirio, usiyapiganie. Ukipenda njia fupi zaidi, kuna pointi za William Quirin, mwandishi wa vitabu vya kubeti farasi, 0 hadi 8, zinazopima tu farasi amekuwa karibu na mbele kiasi gani kwenye mbio zake za karibuni. Baadhi ya karatasi za mbio huzichapa tayari.

Na usisahau unacheza na nani. Pesa zote zinaingia kapu moja, Churchill Downs inakata 17.5% kwenye dau la mshindi, kilichobaki mnagawana. Zile namba za Beyer zilikuwa dhahabu watu wachache walipokuwa nazo. Tangu 1992 zimo kwenye Daily Racing Form, kila mtu anaziona, basi odi inashuka kabla hujafika dirishani. Namba za mwendo zinafuata njia hiyohiyo. Faida iko pale unapoona M mmoja peke yake na watu wamemwacha kwa odi ya 8 kwa 1 kwa sababu namba yake ya mbio iliyopita ilikuwa mbaya, na ukirudi nyuma unakuta siku hiyo alibanwa na wawili toka getini.

Mbagala_Louisville
Na kwenye nyasi je?

Saisi_Mstaafu
Nyasi wanatembea mwanzoni, wanakimbia mwishoni. Yule kiongozi mpweke bado mwangalie, ila hesabu kubwa ni nani ana robo maili ya mwisho kali. Na mbio za farasi ambao hawajawahi kukimbia kabisa, ruka. Hakuna mstari wa kusoma, kaa unywe soda yako.