Naomba ushauri: 486 DX2-66 naweza kuiwekea Am5x86-133?

Jampa_Tatu: Wakuu, heshima kwenu. Nina desktop ya 486 (kizazi cha kabla ya Pentium), prosesa ni Intel DX2-66, RAM 16 MB, kadi ya picha ya VLB (aina ya zamani ya nafasi ya kuchomekea kadi). Inawaka bila shida, ila gemu la Doom linasuasua na la Quake ndiyo halifai kabisa. Nimepata prosesa ya AMD Am5x86-133. Soketi ni ile yenye mkono wa kunyanyua. Nichomoe ya zamani nichomeke hii tu, au kuna mtego? Kitabu cha bodi sina.

MzeeWaISA: Mtego upo, tena mkubwa: volti. DX2 yako inakula 5V, hiyo AMD inataka 3.45V. Ukiichomeka bodi ikiwa bado kwenye 5V itachemka, na inaweza kufa hapo hapo. Angalia kama soketi imeandikwa SOCKET 3, halafu tafuta karibu yake kijidude cha miguu mitatu chenye bati la kupozea. Hicho ndicho kinachoshusha umeme. Kama hakipo, tafuta prosesa ya kuboreshea kama Kingston TurboChip, ina kishushio chake cha umeme ndani.

BintiSolda: Kabla ya prosesa, mkuu, betri! Kama bodi ina kile kipipa kilichochomelewa, kague miguu yake. Ukiona ukungu wa kijani, kitoe, sugua kwa siki kidogo, kisha spiriti, uache pakauke kabisa. Ila kwanza ingia BIOS (mipangilio ya mashine inapowaka) unakili namba za diski: silinda, hedi, sekta. Betri ikitoka zinafutika.

Jampa_Tatu: Nimefungua. SOCKET 3 ipo, bati lipo, na pembeni jampa (vipini vya kuchagulia mipangilio) zimeandikwa 5V na 3.45V. Betri ina kijani kweli, ahsante dada. Ila jampa za kizidishi (prosesa iende mara ngapi ya mwendo wa bodi) zinaishia 3x, sioni 4x.

MzeeWaISA: Weka 2x. Chipu hiyo ukiipa 2x yenyewe inasoma 4x, na bodi ikiwa 33 MHz unapata 133. BIOS ya zamani huenda ikaiandika DX4, yaani jina la 486 nyingine, usishtuke. Kona iliyokatwa ya chipu ikae upande wa pini ya kwanza ya soketi. Feni usiiache.

Kashe_Kilobaiti: Mimi naongeza la Quake, maana hapo mnampa kijana matumaini hewa. Doom itapaa, sawa. Lakini Quake inategemea hesabu za desimali, na kwenye hizo Am5x86 bado ni 486, mwendo umeongezeka tu. AMD waliiita P75, yaani sawa na Pentium 75, ila kwenye Quake Pentium 75 halisi inaiacha mbali. Ukitaka Quake tafuta bodi ya Pentium, hii iache ifanye kazi za umri wake.

Jampa_Tatu: Basi Quake nasamehe. Naanza na siki.