Mjadala: anayetapeliwa ana kosa au hana?

Njomba wa Mikindani
Wakuu, mliosoma ile tamthilia ya Gogol ya 1836 kuhusu mkaguzi wa serikali. Khlestakov ni karani mdogo tu wa Petersburg, kaishiwa hela safarini, anakula kwa mkopo gesti, wakubwa wa mji wakamdhania ndo mkaguzi anayekuja kwa siri. Hakimu katoa hela, wa posta katoa, meya katoa hela na binti juu. Mimi nasema dogo hana kosa, walijitapeli wenyewe kwa uoga wa madhambi yao. Anayepigwa siku zote ana lake. Hata huku kusini wanaouza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaotoa hela kabla ya mavuno, wanalia kila msimu lakini ni tamaa ya hela ya haraka tu.

Binti Newala
Hapo kwenye kangomba umenigusa kaka. Tamaa gani? Januari ndani hakuna unga, mtoto anatakiwa sare, jamaa anakuja na hela mkononi, msimu ukifika anachota korosho zako kwa kibakuli chake, anajaza mpaka zinamwagika pembeni halafu anakwambia hiyo kilo moja. Meya wa Gogol alikuwa na njaa?

Mpenda Vitabu Lindi
Tusiseme dogo hana kosa jamani. Mwanzo hakujua, sawa, wale wawili akina Bobchinsky walimwona anachungulia sahani zao za samaki wakasema huyu ndo mkaguzi, kumbe njaa. Ila akishanogewa anaomba mwenyewe. Aliwaomba rubo 1,000 wakajipapasa mifukoni wakatoa 65, akachukua. Na kuna mjane wa sajini alichapwa viboko bure, meya anajitetea eti mama alijichapa mwenyewe. Mleta mada ndicho unachosema wewe.

Njomba wa Mikindani
Binti Newala usinifundishe njaa, mimi nimekulia kwenye mikorosho. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza kupitia ghala, ipo tangu 2007, peleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, subiri mnada. Kwa nini usisubiri?

Mzee wa Nachingwea
Wanangu ule mwaka wa jeshi kusomba korosho, 2017 nadhani, watu walisubiri sana hela.

Kijana Tandahimba
2018 mzee wangu. Wanunuzi walikuja na bei ndogo, Magufuli akatangaza serikali inanunua 3,300 kwa kilo, malori ya JWTZ yakaingia. Ukaja uhakiki wa kukamata kangomba, na wenye shamba la kweli nao wakakaa kwenye foleni hiyohiyo.

Binti Newala
Asante mdogo wangu. Sasa Njomba anauliza kwa nini usisubiri. Shule haisubiri mnada, na duka halikopeshi mpaka Oktoba.

Njomba wa Mikindani
Mnageuza mada. Nilileta Gogol mmeniletea korosho.

Mpenda Vitabu Lindi
Korosho umezileta wewe kaka, rudi juu usome. Na la mjane hujajibu.

Njomba wa Mikindani
Mjane ni mtu wa pembeni tu kwenye hadithi, tunaongelea wakubwa waliotoa rushwa.

Binti Newala
Wakubwa ndo wana madhambi ya kuogopa, nakubali. Anayeuza kangomba anaogopa nini zaidi ya watoto kulala njaa? Mtaje mmoja unayemjua kijijini kwenu aliyetajirika kwa kuuza korosho zikiwa bado maua, tumwone hapa.

Mzee wa Nachingwea
Anayetajirika ni mwenye kibakuli.