Kampuni ya printa ina haki ya kukataa wino wa CISS? Tujadili, hasa tunaofanya sablimesheni

Wakuu, kila mtu akiuliza kwanini printa yake ya sablimesheni (kuchapa picha kwenye karatasi halafu kuihamishia kwenye kitambaa au kikombe kwa joto) imegoma anajibiwa hivyohivyo, toa hizo tangi za nje, CISS (tangi za wino za nje zinazolisha printa kwa mirija) ndio inaua printa. Halafu kuna wanaoenda mbali zaidi, wanasema kampuni zina haki kabisa ya kufunga printa isikubali wino wa mwingine, eti kwasababu watu wanaharibu mashine wenyewe halafu wanarudi kudai waranti. Hilo la pili napinga kwa nguvu zote. La kwanza lina ukweli kiasi, na watu wanayachanganya haya mawili kila siku.

Tuanze na ukweli. Wino wa sablimesheni rangi yake haijayeyuka, ni chembe ndogo sana zinazoelea kwenye maji, kwahiyo ukiiacha printa imekaa tu zinashuka chini. Wino wa kwenye tangi utautikisa utachanganyika, lakini ule uliolala ndani ya mrija na kwenye hedi, yaani kichwa cha printa kinachorusha wino, nani atautikisa? Ndio maana printa isiyotumika muda mrefu ukipiga testi ya nozo (vitundu vya hedi vinavyotoa wino) unakuta mistari ya majenta imekatikakatika.

Kuna na suala la usawa wa tangi. Tangi ikikaa juu kuliko hedi wino unashuka wenyewe, unavujia ndani ya printa na kuchafua karatasi. Ikikaa chini sana wino unarudi nyuma, kazi inaanza vizuri kabisa halafu katikati ya picha sayani inafifia mpaka inapotea. Na lile tundu la hewa jamani! Mtu kasafirisha mashine kaziba matundu ili wino usimwagike, akafika akasahau kuzibua, kurasa za mwanzo zinatoka safi, kisha hewa haiingii tena kwenye tangi hedi inakosa wino, yeye anaiamuru printa isafishe hedi (klini hedi) mfululizo, wino wote unaishia kwenye sponji ya taka na shida iko palepale.

Hayo yote ni ya ufungaji na matunzo. Kama tangi lenyewe ndio ugonjwa, mbona Epson walianza kuuza printa zao za tangi kubwa mwaka 2010 wakianzia Indonesia, na mwaka 2020 wakatoa SureColor F170 ya sablimesheni ambayo wino wake unajaza kwa chupa?

Sasa njoo kwenye chipu. Printa nyingi za katriji, yaani kasha dogo la wino, haziangalii wino uliobaki, zinakadiria tu kwa hesabu ya ulichochapa, ndio maana katriji za CISS zina chipu inayojirudisha kuonesha kwamba katriji imejaa. Jioni umechapa vizuri, usiku printa imejiapdeti kwa intaneti, asubuhi inakwambia katriji haitambuliki. Tangi zimejaa, mirija haina hewa, hedi nzima, ila hakuna kazi. Hapo nani kaharibu printa? Septemba 2016 printa kibao za HP zilianza kukataa katriji za kampuni nyingine, kelele zikawa nyingi mpaka HP wakaomba radhi kwa jinsi walivyowaarifu wateja na kutoa apdeti ya kuondoa zuio lile, lakini utaratibu wenyewe hawakuuacha.

Na kwetu sisi inauma zaidi, kwasababu printa nyingi ndogo tulizogeuza kuwa za sablimesheni hazina kabisa katriji ya sablimesheni ya kampuni. Ukizuia wino wa nje, hiyo printa haitafanya sablimesheni milele.

Mchangiaji:
Mkuu unaongea kama mtumiaji, mimi naongea kama fundi ninayeletewa hizo mashine. Mtu anachukua printa inayosukuma wino kwa kuuchemsha, anaijaza wino wa sablimesheni, wino ambao wenyewe kazi yake ni kugeuka mvuke ukipata joto, hedi inakufa halafu lawama kwa kampuni. Mwingine hajaweka profaili ya rangi (faili la kurekebisha rangi kulingana na wino), nyeusi inatoka kwenye hiti presi (mashine ya kubana kwa joto) imekuwa kahawia, anasema printa mbovu. Kampuni ikiweka zuio inajilinda na inamlinda mteja asiyejua. Waranti sio sadaka.

Mleta mada:
Fundi heshima yako, na kuhusu hedi za kuchemsha uko sahihi kabisa, sablimesheni inataka hedi ya piezo inayosukuma wino bila kuupasha moto. Hiyo ya profaili nayo kweli, mtu asihukumu rangi kabla karatasi haijapita kwenye presi ya nyuzi kama 200 juu ya poliesta, na profaili iwe ya wino huohuo anaotumia.

Lakini kukataa waranti ni jambo moja, kuzima mashine ya mtu ni jambo lingine. Mashine ikija na hedi iliyoziba kwa wino wa nje, kampuni ioneshe kwamba wino ndio chanzo, ikatae kutengeneza bure, mimi sina ugomvi. Ninachokataa ni hedi nzima kuzuiwa na programu iliyoingia baada ya mauzo. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani mwaka 2017, kwenye kesi ya Impression Products na Lexmark, ilisema mwenye hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) akishauza bidhaa haki yake ya hataza juu ya bidhaa hiyo imekwisha. Kesi ile ilihusu katriji zilizojazwa upya na haikugusa apdeti, ndio maana nasema sheria zinatakiwa zifike na huko: boksi liandikwe wazi kwamba printa itakataa wino wa nje, apdeti iombe ruhusa, na mtu aweze kurudi kwenye toleo la zamani.

Anayetetea zuio anijibu hili: printa yangu waranti imeshaisha, kampuni haina tena cha kunilipia hata hedi ikifa leo, sasa hiyo apdeti inayokataa wino wangu inamlinda nani?